Tembe la Kwihara na Waliolala Ndani Yake

Mhariri wa gazeti hili ameniomba niandike jambo la historia ya Tabora, ili vijana walioko shuleni sasa wajue wanasoma mahali gani. Nimeona nisiandike juu ya shule yenyewe. Ya shule yameandikwa mengi, na katika kila mkutano wetu tunakumbushwa, kwa haki kabisa, kwamba Mwalimu Nyerere alisoma hapa kuanzia 1937 hadi 1942. Mimi nitaandika juu ya nyumba moja ya udongo iliyoko Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi ya mji, ambayo wengi wetu tuliwahi kuiona siku moja tukiwa wanafunzi, tukarudi bwenini, na hatukuifikiria tena.

Watu huiita Tembe la Livingstone. Jina hilo ndilo lililoiokoa, nakubali, maana bila jina la Mzungu maarufu ingekwisha kuwa kichuguu zamani kama matembe mengine yaliyokuwa jirani nayo. Lakini jina hilo hilo limeificha nyumba. Dk. Livingstone hakuijenga wala hakuimiliki. Alipanga tu, kama tusemavyo siku hizi, tena kwa hisani ya mwenyewe. Mtu akiingia pale akatoka akidhani amemwona Livingstone, basi hakuiona nyumba.

Mwenye nyumba alikuwa Said bin Salim, liwali wa Waarabu wa Unyanyembe chini ya Sultani wa Unguja. Huyu bwana alikuwa ameijua njia ya misafara kabla hajawa mkubwa. Ndiye aliyewaongoza Burton na Speke walipoingia bara mwaka 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora yetu, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Na mwaka 1860 alitoka tena pwani na Speke katika safari yake nyingine. Wazungu hawa wote waliandika vitabu, na katika vitabu vyao Said bin Salim hutokea kama mtu wa kulalamikiwa. Yeye hakuandika kitabu.

Kabla ya kuendelea yafaa niwaeleze vijana tembe ni nini, maana siku hizi kuna watoto wa Tabora waliozaliwa chini ya bati na hawajawahi kulala ndani ya tembe hata usiku mmoja. Tembe ni nyumba ya pembe nne yenye paa bapa. Husimamishwa nguzo, zikafungwa fito, kisha kiambaza kikakandikwa udongo kwa unene ambao joto la mchana halipenyi upesi. Juu hulazwa boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito majani, na juu ya majani udongo ulioshindiliwa. Matembe ya matajiri yalikuwa na baraza mbele, na ua katikati ambako kuliwekwa mizigo na kufungwa mifugo. Ilikuwa nyumba na boma kwa pamoja. Mvua hainyeshi ndani, moto wa adui hauliwashi paa kwa urahisi kama linavyowaka paa la nyasi, na mlango mkubwa ukifungwa, kilichoko uani kimefungwa.

Mwaka 1871, tarehe 23 Juni, mwandishi wa gazeti la New York Herald aitwaye Henry Morton Stanley aliingia Unyanyembe akitokea Bagamoyo, alikoondoka mwishoni mwa Machi. Akapewa nyumba ya Kwihara. Alikaa miezi mitatu bila kupenda, kwa sababu njia ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa amegombana na Waarabu juu ya njia na biashara, na hakuwa mtu wa kutishwa. Stanley akajiingiza upande wa Waarabu, akaenda nao vitani mwezi wa Agosti, wakapigwa vibaya. Tarehe 22 Agosti watu wa Mirambo waliingia Tabora yenyewe, wakamwua Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, wakachoma sehemu ya mji. Kutoka Kwihara Stanley aliona moshi, akatoboa matundu ukutani ya kupitishia bunduki. Hivyo ukuta ule wa udongo ulikaribia kupigwa risasi na askari wa Mirambo, yule yule ambaye leo jina lake wamepewa jirani na washindani wetu wa mpira, shule ya Milambo. Historia ina mzaha wake.

Stanley aliondoka tarehe 20 Septemba akazunguka kusini. Yaliyotokea Ujiji kila mmoja anayajua, sitayarudia. Yeye na Livingstone walirudi Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Mwezi uliofuata, tarehe 14 Machi, Stanley alishika njia ya pwani, na mzee akabaki kungojea wapagazi aliokuwa ameahidiwa. Alingoja miezi mitano. Watu hamsini na saba walipofika katikati ya Agosti, wakiwemo vijana waliosomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik huko Bara Hindi, kama Jacob Wainwright, hakukawia tena. Tarehe 25 Agosti 1872 alitoka katika nyumba ile kuelekea kusini. Alifariki katika kijiji cha mtemi Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mapema Mei 1873.

Hadithi ya Livingstone kwa kawaida huishia hapo, au hurukia Westminster Abbey mjini London. Nyumba yetu, kwa maoni yangu, ilikuwa bado haijaona siku yake kubwa. Siku hiyo ilikuja mwezi wa Oktoba 1873.

Watu wa Livingstone walikuwa kijijini kwa Chitambo na maiti ya bwana wao. Walikuwa wageni katika nchi ya watu wanaoogopa maiti, mishahara yao ilikuwa mbali pwani, na hakuna aliyekuwa amewaamuru jambo lolote. Wangeweza kumzika wakatawanyika. Badala yake walikaa shauri, wakawapa uongozi Susi na Chuma, waliokuwa naye tangu safari za zamani. Waliutoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma sala. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku kumi na nne, wakaukunja, wakauvika nguo, wakauweka ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima, kama mzinga wa nyuki wa huku kwetu. Ndipo wakaanza kutembea. Kutoka pale hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,500.

Walipokaribia Unyanyembe, Chuma alitangulia na barua iliyoandikwa na Jacob. Kwihara alimkuta Luteni Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumpelekea Livingstone msaada, amelala homa na macho yamemfunga, katika nyumba ile ile ya Said bin Salim. Siku chache baadaye msafara ukaingia na mzigo wake. Cameron aliwashauri wamzike hapo Unyanyembe. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu: njia ya mbele ilikuwa na hatari, na watu wa Ugogo wangeweza kuzuia maiti isipite katika nchi yao. Tena alikuwa Mzungu na ofisa, na wao walikuwa watumishi.

Walikataa. Walisema bwana wao lazima arudi kwao, na wataendelea.

Namwomba kijana wa kidato cha tatu asome tena sentensi hiyo. Mwaka 1873, miaka kumi na miwili kabla ya Mkutano wa Berlin kumalizika, katika nyumba ya udongo iliyo mwendo wa miguu kutoka uwanja wetu wa mpira, Waafrika waliokodiwa kubeba mizigo walisikiliza shauri la ofisa wa serikali kubwa kuliko zote duniani, wakalipima, wakalikataa, na wakafanya walilokuwa wameamua wenyewe. Cameron alichukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu kwa ajili ya safari yake. Hilo nalo hawakulipenda, lakini maiti hawakumwachia. Yeye akaendelea magharibi, akatokea bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Wenzake wawili, Dk. Dillon na Murphy, wakafuatana na msafara kuelekea pwani. Dillon, aliyekuwa ameharibiwa na homa, alijiua kwa bunduki mwezi wa Novemba huko Kasekera, safari ya siku chache tu kutoka hapa.

Huko Kasekera pia ndiko wapagazi walikoonyesha akili ambayo wengi hawaijui. Wenyeji walikuwa wamekataa maiti isipite. Basi usiku wakafunga mzigo wa bandia wenye umbo la maiti, wakawatuma watu waurudishe Unyanyembe kwa heshima zote, ati wamekubali akazikwe huko. Waliopewa mzigo huo walipofika mbali waliufungua, wakatupa vilivyomo porini, wakawafuata wenzao kwa njia ya kando. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama robota la nguo, la kawaida kabisa, na ukapita mbele ya macho ya kila mtu. Mwezi wa Februari 1874 waliingia Bagamoyo.

Malipo yao yalikuwaje? Walilipwa mishahara, wakaambiwa kazi imekwisha. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyefuatana na jeneza, kwa nauli ya chama cha misheni, na alikuwa miongoni mwa waliolishika siku ya mazishi, tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huo, mazishi yalipokwisha. Shirika la Jiografia la Kifalme lilitengeneza medali za watu sitini. Wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika na hawakuzipata kamwe. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, Susi mwaka 1891. Na Jacob Wainwright, aliyesoma sala kule kwa Chitambo na kuandika barua ya Kwihara, alirudi huku huku kwetu, akafariki Urambo mwaka 1892. Shajara aliyoandika kwa mkono wake imehifadhiwa Uskoti, katika jumba la makumbusho pale alipozaliwa Livingstone, mjini Blantyre. Urambo tunapita kwa gari tukienda Kigoma. Sijui ni wangapi kati yetu tulipita tukimkumbuka.

Sasa nije kwenye nyumba yenyewe. Jengo la udongo lina tabia moja ambayo wahifadhi wa nchi za mawe huwa hawaielewi upesi: halikai, hukalishwa. Lililoonekana mwaka 1871 si lile lile, donge kwa donge, linaloonekana leo. Limejengwa upya na kutengenezwa zaidi ya mara moja, na ndivyo lilivyo kila tembe. Hata Said bin Salim mwenyewe lazima alilikandika kila mwaka. Watu wengine husikia hivyo wakavunjika moyo. Husema, kumbe si ya kweli! Nami huwajibu kwa habari ya Wamarekani.

Wamarekani wanazipenda mno nyumba za magogo za walowezi wao wa kwanza. Kila wilaya ina yake, imehamishwa gogo kwa gogo ikasimamishwa karibu na jumba la makumbusho. Kubwa kuliko zote ni kibanda ambacho kilisemwa kuwa ndimo alimozaliwa Rais Abraham Lincoln mwaka 1809 katika jimbo la Kentucky. Walikipenda hata wakakijengea juu yake hekalu la granaiti na marumaru, lililofunguliwa na Rais Taft mwaka 1911, ngazi kubwa mbele na nguzo kama za Wagiriki. Kibanda kikakaa ndani humo kikavu kabisa, bila tone la mvua. Karibu miaka mia baadaye wataalamu walipopima pete za miti ya magogo yale, waliona kwamba gogo kongwe kuliko yote lilikuwa la mti uliokatwa mwaka 1848. Lincoln wakati huo alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, mbunge. Siwacheki. Nasema tu kwamba kukizuia kitu kisiguswe hakukifanyi kuwa cha kweli.

Kinyume chake ni mji wa Djenné nchini Mali. Msikiti wao mkubwa wa udongo, uliojengwa upya mwaka 1907 mahali pa ule wa kale, hukandikwa na watu wa mji wenyewe katika siku iliyopangwa. Vijana hukanyaga tope na kulibeba, mafundi hupanda juu kwa miti iliyoachwa imechomoza ukutani, na siku hiyo ni sikukuu. Dunia imeuweka mji ule katika orodha ya urithi tangu 1988. Mikono ile ndiyo iliyohifadhiwa pale, na ukuta unaifuata.

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa historia alitupeleka Kwihara Jumamosi moja kwa miguu. Tuliona ramani, nakala za barua, na mlango wa nakshi. Mwenzetu mmoja akauliza, "Mwalimu, nani alijenga?" Mwalimu akajibu, Waarabu. Jibu hilo lilinikaa kichwani hata nikiwa Chuo Kikuu. Mwarabu wa Unyanyembe hakukanyaga udongo. Fito zilikatwa na udongo ukapondwa na watu wa nchi hii, baadhi wakiwa vibarua na baadhi wakiwa watumwa. Mashamba yaliyolisha matembe yale yalilimwa na watumwa, na jambo hilo halina budi kusemwa waziwazi. Na ujenzi wa paa bapa la udongo ulijulikana katika nyanda hizi, kuanzia Ugogo hadi huku, bila kungoja mtu wa Muscat aje kuufundisha.

Baadaye kazi ilinipeleka wilaya mbalimbali, na nikawa na desturi ya kuwauliza wazee. Mmoja wao, aliyekuwa amejenga matembe matatu maishani mwake, alinieleza mambo ambayo sikuyakuta katika kitabu chochote. Udongo wa kichuguu ndio unaoshika, kwa kuwa mchwa wamekwisha kuuchambua. Hulowekwa usiku mmoja, ukakanyagwa, ukachanganywa na majani makavu. Miti hukatwa kiangazi na kubanduliwa magome, la sivyo wadudu huingia. Paa hupewa mwinamo mdogo ambao jicho halioni lakini maji yanauona. Halafu akaniambia neno ambalo nataka kila mtunzaji wa makumbusho alisikie: tembe hulindwa na moshi. Nyumba inayopikwa ndani, boriti zake huwa nyeusi na ngumu na mdudu hazigusi. Nyumba isiyowashwa moto huliwa.

Makumbusho hayapiki, hilo tunalielewa. Basi ni lazima nyumba ya namna hiyo ikaguliwe zaidi kuliko nyumba inayokaliwa. Na kuna kosa moja ambalo sisi watumishi wa umma huwa tunalipenda popote tulipo, la kutengeneza kwa saruji. Saruji huonekana imara na risiti yake huonekana vizuri zaidi katika faili. Lakini ukuta wa udongo huvuta unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa saruji, unyevu unaopanda kutoka chini hukosa pa kutokea, udongo nyuma ya plasta huoza, saruji hupasuka, maji ya mvua huingia katika ufa, na siku moja bamba zima hudondoka likiwa limebeba ukuta mgongoni. Dawa ya ukuta wa udongo ni udongo. Ni dawa rahisi, ila hutakiwa kila mwaka, na fungu la kila mwaka, kama wenzangu wa maofisini wajuavyo, ndilo hukatwa la kwanza.

Sheria tunayo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda kila jengo lililojengwa kabla ya 1863, na mengine yakitangazwa. Heshima pia tunayo, maana tangu 2006 Kwihara imo katika orodha ya awali ambayo Tanzania iliipeleka UNESCO, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji, kwa jina la Njia Kuu ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu. Kinachopungua ni mafundi. Tangu miaka ya 1970, kampeni za nyumba bora ziliwahimiza watu waache matembe, hasa Ugogo, na sababu zilikuwepo: giza, kupe, moshi machoni. Hakuna anayewaambia wananchi warudi humo ili watalii wapige picha. Lakini fundi akiacha kujenga, mwanawe hajifunzi. Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1967, kimesimama juu ya fikra hiyo, kwamba nyumba za asili za makabila zijengwe kwa ujuzi wa wenyewe, na zikichoka zijengwe tena. Mafundi wa vijijini wakiisha, Kijiji hicho nacho kitamwita nani?

Kuhusu jina la njia ile nina ubishi kidogo. Watumwa walipita humo, na mateso yao yasifichwe. Hata hivyo mizigo mingi iliyopanda na kushuka kati ya Tabora na pwani ilibebwa na Wanyamwezi na wenzao waliokuwa watu huru, waliokubaliana malipo kwa merikani na shanga, waliojua kugoma na kumwacha njiani tajiri asiyetoa posho. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo thelathini, kwa mwendo wa kilomita mia nane, miezi miwili mitatu. Upagazi ulikuwa kazi yenye heshima. Kijana ambaye hajaiona bahari alikuwa bado mtoto. Tukiwaita wote watumwa tunawanyang'anya tena kile walichokuwa nacho. Waliosema "hapana" mbele ya Cameron walitoka katika desturi hiyo ya watu wanaojua thamani ya mabega yao.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa chama chetu cha wanafunzi wa zamani, nayo si ya fedha nyingi. La kwanza ni kwa vijana mlioko shuleni. Likizo mnaporudi makwenu, Sikonge, Nzega, Uyui, Kaliua na kwingineko, tafuteni mzee au bibi aliyejenga tembe, kaeni naye, mwandike hatua kwa hatua: mti gani, udongo gani, mwezi gani, kamba gani, na kila kitu kinaitwaje kwa Kinyamwezi. Andikeni jina lake na tarehe. Madaftari hayo yawekwe katika maktaba ya shule, na nakala wapewe watunzaji wa Kwihara kwa njia ya Ofisi ya Utamaduni. Bila hayo, siku boriti zikianguka tutabaki na picha za kutazama, na picha haionyeshi kilichomo ndani ya ukuta.

La pili ni kwetu sisi wenye mvi zinazoanza. Tuiombe Serikali, kwa adabu na kwa maandishi, ruhusa ya kushiriki katika kazi ya kukandika kila mwaka chini ya mafundi na wataalamu wake, na ruhusa ya kutengeneza ubao mmoja wa kuweka ukutani. Juu yake yaandikwe majina: Said bin Salim mwenye nyumba, Susi, Chuma na Jacob Wainwright, na chini yao maneno kwamba hapa, Oktoba 1873, wapagazi waliombwa waache mzigo wao na hawakuuacha. Majina mengine ya msafara yamo katika orodha zilizochapishwa, na mwalimu wa historia akiwapa vijana wiki mbili watayapata.

Mvua za Tabora huanza Novemba. Kazi ya udongo yataka kiangazi ili ukuta ukauke, kwa hiyo Agosti na Septemba ndiyo miezi yake. Mkutano wetu ukipangwa mwezi wa Agosti, tutakuwa na siku moja ya ziada baada ya chakula cha jioni na hotuba, na basi la shule linaifahamu barabara ya Kwihara. Nguo za kazi kila mtu aje nazo.